Lami imefika Ifakara, uokoaji bado uko mikononi mwa mpita njia

Gari likigongana na pikipiki saa moja usiku kati ya Kiberege na Signali, askari wa usalama barabarani hawi wa kwanza kufika. Wala gari la wagonjwa. Wanaofika kwanza ni mama aliyekuwa anafunga genge lake, kijana wa bodaboda aliyekuwa anarudi kijiweni, na mkulima anayesukuma baiskeli yenye gunia la mpunga. Hao watatu, kila mmoja na tochi ya simu mkononi, ndio idara ya dharura ya eneo hilo mpaka msaada mwingine upatikane. Wanachokifanya kwa muda huo, na wanachokiacha bila kukifanya, mara nyingi ndicho kinachoamua kama majeruhi atarudi shambani kwake au atazikwa kesho yake.

Kuhusu kuzuia ajali tunasema sana, na inastahili. Kila mwaka huja Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani na stika zake, na madereva huambiwa habari za mwendokasi, pombe na matairi yaliyokwisha. Lakini kuhusu yale yanayopaswa kufanyika baada ya kishindo, wengi wetu hatujawahi kufundishwa neno hata moja, si shuleni, si msikitini, si kanisani, si kwenye mkutano wa kijiji. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Huyo ni mwanafunzi anayevuka barabara Mang'ula, na ni dereva wa bodaboda wa Kibaoni.

Bonde la Kilombero lina sababu yake ya ziada ya kulitafakari jambo hili sasa. Kwa miaka mingi njia ya kutoka Kidatu kwenda Ifakara ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Gari lilitambaa. Ukifika Ifakara na unataka kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi, ulisubiri kivuko, na kivuko chenyewe kilikuwa na historia yake ya msiba: Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama mtoni kikiwa na abiria na magari. Mei 5, 2018 Rais John Magufuli alizindua daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero, nalo likapewa jina lake. Kisha ikaja lami ya Kidatu hadi Ifakara, takribani kilometa 67, iliyojengwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya, Marekani na Uingereza pamoja na Serikali ya Tanzania, na daraja jipya la Ruaha Mkuu pale Kidatu.

Hakuna anayetaka kurudi kwenye tope. Mjamzito wa Mbingu na muuza mchele wa Ifakara wote wameikaribisha lami kwa mikono miwili. Ila lami imekuja na mwendo, na mwendo umewakuta watu walewale waliokuwa wakiitumia njia ile tangu zamani. Ifakara ni mji wa baiskeli. Asubuhi zinapita zikiwa na watoto wa shule, mkaa, mbao na magunia. Matrekta yenye matela ya miwa yanaelekea kiwandani usiku, mengine bila taa ya nyuma wala kiakisi mwanga. Ng'ombe wanavuka. Mabasi yanawahi Morogoro. Hata tembo wa Udzungwa wamefikiriwa, wakajengewa njia ya kupita chini ya barabara upande wa Mang'ula. Binadamu aliyelala kando ya lami akivuja damu hajapangiwa utaratibu ulio wazi namna hiyo, na ndiyo maana makala haya yanazungumza na mpita njia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha ajali moja haizai ya pili. Watu wetu wanakata matawi ya miti na kuyapanga barabarani, na ni desturi nzuri, lakini mara nyingi yanawekwa hatua chache tu kutoka gari lilipo. Dereva anayekuja kwa kasi gizani akiliona tawi karibu hivyo hana nafasi ya kusimama. Yawekwe mbali, pande zote mbili, na kwenye kona yawekwe kabla ya kona yenyewe. Mtu mmoja asimame huko na tochi au nguo nyeupe. Vibao vyekundu vya pembe tatu vilivyomo kwenye buti la gari vipelekwe mbali vivyo hivyo. Gari lizimwe injini, sigara zizimwe. Na gari likishaondolewa, matawi yaondolewe pia, maana yanayoachwa usiku kucha yamewaangusha wenye pikipiki wasio na habari.

Kama lililopinduka ni lori la mafuta, ondokeni. Mkoa wetu wa Morogoro hauhitaji kusimuliwa jambo hili na wageni. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, watu wakakimbilia na ndoo na madumu, moto ukalipuka. Waliokufa siku ile na wiki zilizofuata hospitalini walizidi 100. Wengi walikuwa vijana, baadhi yao madereva wa bodaboda waliokuwa wamefika wa kwanza, kama wanavyofika wa kwanza kila ajali. Lori la namna hiyo likianguka Sanje au Mkula, mwenyekiti wa kitongoji anatakiwa kuwa na kazi moja tu: kuwaweka watu mbali kabisa, upande unakotoka upepo, na kupiga simu.

Baada ya hapo ndipo majeruhi anaguswa, na hapa ndipo nia njema inapofanya madhara makubwa. Desturi ya kumvuta mtu haraka kutoka garini, mmoja akishika mikono na mwingine miguu, ni ya hatari. Mtu aliyepigwa kwa nguvu anaweza kuwa na mfupa wa shingo au uti wa mgongo uliovunjika huku neva zikiwa bado nzima, tukimkunja, tunazikata. Kama hakuna moto, gari haliingii majini na magari mengine hayamtishii, aachwe alipo. Mtu mmoja akae upande wa kichwa chake, akishike kwa viganja viwili kisigeuke, azungumze naye. Anayejibu anapumua. Asiyejibu aangaliwe kama kifua kinapanda na kushuka, na mdomo usafishwe kama una damu, matapishi au meno yaliyong'oka. Akiwa amezimia lakini anapumua, na mdomo unajaa, ageuzwe kwa ubavu, kichwa, shingo na kiwiliwili vikizunguka kwa pamoja, kazi ya watu watatu wanaohesabu na kwenda sawa. Dereva wa pikipiki asivuliwe kofia ngumu kwa kuivuta. Ifunguliwe kioo cha mbele na iachwe, isipokuwa tu kama inamzuia kupumua.

Damu inayotoka kwa wingi haisubiri gari. Chukua kitambaa kilicho safi kuliko vyote vilivyopo, khanga, shati, taulo ya dereva, kikunje, kiweke juu ya jeraha na ubonyeze kwa nguvu kwa kiganja chako. Usikiinue kila mara kuchungulia kama imekata. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na uendelee kubonyeza mpaka hospitali. Ambaye hana glovu avae mfuko wowote mkononi ili kujikinga. Kipande cha chuma au kioo kilichozama mwilini kisichomolewe, kwa sababu pengine ndicho kinachoziba mshipa. Kizungushiwe vitambaa kisitikisike. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye ubao au fimbo mbili kwa vipande vya kitenge, juu na chini ya palipovunjika, bila kuunyoosha kwa nguvu na bila kuukanda. Vidole vya mguu viachwe wazi ili rangi yake ionekane: vikianza kuwa vya baridi na kupoteza rangi, fundo limekaza mno.

Maji. Hili nalisema peke yake kwa kuwa kila ajali utamwona mtu wa huruma akija na chupa ya maji, au maziwa, au soda, amnyweshe majeruhi anayelalamika kiu. Asipewe. Kiu yake inaweza kuwa ni ishara ya damu inayovuja ndani, na kinachoingia tumboni kinaweza kurudi na kumziba pumzi, au kuwachelewesha madaktari wanaotaka kumpasua. Aloweshwe midomo tu, afunikwe asipate baridi, aambiwe kwamba msaada unakuja.

Waokoaji wa namna hii wana thamani kiasi gani? Mei 6, 2017 basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitoka hai. Miongoni mwa waliosimama na kushuka korongoni walikuwamo Wamarekani waliokuwa wakipita njia hiyo, na kati yao kulikuwa na wenye taaluma ya afya. Baadaye watoto wale walisafirishwa hadi Sioux City, Iowa, wakatibiwa na kurudi nyumbani. Siyo kila korongo litapata mgeni mwenye taaluma akipita wakati huohuo. Korongo lolote hata hivyo lina kijiji jirani.

Ukishazuia damu, swali linakuwa usafiri, na hapa bonde letu lina ugonjwa wake: mshikaki. Majeruhi anakalishwa katikati ya pikipiki, dereva mbele, msaidizi nyuma anamkumbatia kiunoni. Kichwa kinaning'inia, miguu inaburuza, kila tuta linamrusha. Mwenye kidonda cha mkono anaweza kufika salama hivyo. Aliyeumia shingo, mgongo, nyonga au paja asipandishwe pikipiki kamwe kama kuna namna nyingine. Kirikuu, Noah, Fuso lililoshusha mchele, hata trekta lenye tela, vyote ni bora kuliko mshikaki. Alazwe chali juu ya mlango, ubao au godoro gumu, watu wanne wainue kwa pamoja, na mmoja abaki ameshika kichwa safari nzima. Dereva wa kirikuu anaombwa aendeshe kwa utulivu. Kuwahi kwa dakika tano huku mgonjwa akirushwarushwa hakuna faida.

Na apelekwe wapi? Waliojeruhiwa kidogo watahudumiwa kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mwenye jeraha la kichwa, aliyezimia hata kwa muda mfupi, anayepumua kwa shida, mwenye tumbo gumu au mfupa uliotokeza, apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye uwezo wa kupasua na kuongeza damu. Kwa sehemu kubwa ya bonde, hiyo ni Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ambayo imewahudumia watu wa Kilombero, Ulanga na Malinyi tangu enzi za wamisionari Wakapuchini. Wanaohitaji zaidi hupewa rufaa kwenda Morogoro au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Anayempeleka amwambie daktari mambo matatu: ajali ilitokea saa ngapi, aligongwa vipi, na kama alipoteza fahamu. Ndugu wajiandae kuchangia damu. Damu hainunuliwi dukani.

Nao wanaojiona wazima wasiende nyumbani kulala. Mjamzito aliyetikiswa garini apimwe hata kama hana mchubuko. Aliyegonga kichwa aangaliwe kwa siku moja au mbili, na akianza kutapika, kusinzia isivyo kawaida, kusema maneno yasiyoeleweka au kuumwa kichwa kinachozidi, arudishwe hospitali usiku huohuo. Kwa mfupa, najua wengi wetu tunawaamini waunga mifupa wa kienyeji, na wako wanaoheshimika. Lakini mguu uliopata ajali ya gari upigwe picha ya eksirei kwanza. Bendeji inayokazwa juu ya mguu unaovimba huua nyama, na mtu aliyekuwa na mfupa uliovunjika tu anaishia kukatwa mguu.

Sasa karatasi. Wakati ndugu mmoja yuko hospitali, mwingine aende polisi kuchukua PF3, ile fomu namba tatu anayopewa mtu aliyeumizwa. Bado kuna imani kwamba bila PF3 hakuna tiba, na wapo watu waliopitishwa kituo cha polisi wakivuja damu kwenye kiti cha nyuma. Wizara ya Afya imeshasema mara kadhaa kuwa mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate. Ukiambiwa vinginevyo getini, omba kwa adabu kuonana na mganga wa zamu na umkumbushe hivyo. PF3 isipotee baada ya hapo: ndiyo inayoonyesha mahakamani na kwa bima kwamba majeraha haya yalitokana na ajali hii.

Dereva naye ana wajibu wake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka asimame, asaidie waliojeruhiwa, ataje jina lake na namba ya gari, na atoe taarifa polisi. Gari lililoua au kujeruhi halisogezwi kabla ya askari kupima, isipokuwa kwa kumnasua mtu. Najua kinachowafanya baadhi wakimbie: wanaogopa kundi la watu wenye hasira. Hofu hiyo si ya kubuni, na ni aibu yetu sote. Kijiji kinachompiga dereva kinapoteza shahidi, kinajitengenezea kesi ya jinai, na kinamfundisha dereva wa kesho asisimame, ili majeruhi wake afe peke yake kando ya shamba la miwa. Dereva anayeona maisha yake yako hatarini aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, ajisalimishe na aeleze majeruhi yuko wapi. Kwenda polisi ni tofauti kabisa na kutoroka.

Mwenye simu apige picha kabla vitu havijasogezwa: namba za magari yote, yalivyokaa, alama za breki, stika ya bima kwenye kioo, leseni ya dereva. Achukue majina na namba za mashahidi wawili au watatu. Picha hizo ni za polisi na za familia. Kuna wake waliopata habari ya kifo cha waume zao kwa kuiona maiti kwenye kundi la WhatsApp, na hakuna sababu yoyote duniani ya kumtendea binadamu hivyo. Mtendaji wa kijiji aweke mgambo kwenye mizigo na simu za majeruhi. Simu ikiita na jina la mama likatokea, ipokelewe na mtu mzima mwenye busara, aseme hospitali anakopelekwa.

Katika yote niliyoyaandika, linaloniumiza zaidi ni la bima, kwa sababu hapo watu wetu wanadhulumiwa kimyakimya. Mkulima wa Kisawasawa anagongwa na Fuso akiwa kwenye baiskeli yake. Hana gari, hajawahi kununua bima ya chombo chochote, kwa hiyo anadhani habari za bima hazimhusu. Kumbe yeye ndiye hasa aliyetungiwa sheria ya bima ya lazima. Bima ndogo, ambayo kwa gari dogo la binafsi imekuwa Sh118,000 kwa mwaka, hailindi gari la aliyeinunua. Inamlinda mtu wa tatu: mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, yule aliyeumizwa au kuuawa na chombo hicho. Bima kubwa ndiyo inayotengeneza pia gari la mwenyewe. Kila chombo cha moto barabarani, bodaboda ikiwamo, kinatakiwa kuwa na angalau hiyo ndogo.

Kinachotokea mara nyingi ni kwamba siku ya pili au ya tatu anakuja mtu hospitali, amevaa vizuri, ana maneno laini. Anasema yametokea, ni mipango ya Mungu, tajiri ameguswa. Anatoa laki tatu au tano kama kifuta machozi, na karatasi ya kusaini kwamba mambo yamekwisha. Familia iliyokwisha kuuza debe la mpunga kwa ajili ya dawa inasaini. Miezi sita baadaye mguu haujapona, shamba halijalimwa, na karatasi ile inatolewa kama ushahidi kuwa hawadai kitu. Pokeeni msaada wa matibabu kama unatolewa, ni ubinadamu, na mwandikiane kuwa ni msaada wa matibabu. Lakini msisaini karatasi yoyote inayosema mmemalizana, mgonjwa angali kitandani na daktari hajasema atabaki na ulemavu kiasi gani.

Njia ya kudai ipo, ingawa si fupi. Kutoka polisi mtahitaji ripoti ya ajali pamoja na mchoro wake, ripoti ya ukaguzi wa gari ambayo watu wa bima huijua kwa jina la PF 93, na ripoti ya mwisho, PF 90. Dereva akishtakiwa, chukueni nakala ya hukumu. Hapa wengi hukosea: faini anayotozwa dereva mahakamani huenda serikalini, haimfikii majeruhi, na kesi ya trafiki kwisha si mwisho wa haki yenu. Madai ya fidia ni shauri jingine, linapelekwa kwa kampuni ya bima na, ikishindikana, mahakamani, na kwa Sheria ya Ukomo muda wake ni miaka mitatu. Fidia ya aliyekufa hudaiwa na msimamizi wa mirathi, hivyo cheti cha kifo na barua ya usimamizi kutoka mahakamani vishughulikiwe mapema, machozi yakiwa hayajakauka, kwa sababu muda unahesabiwa.

Kampuni iliyokata bima hiyo inajulikana kwa namba ya gari, kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), ambao unaonyesha pia kama bima ni hai au imekwisha. Kampuni ikizungusha, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Asiye na uwezo wa wakili awatafute wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri huwajua walipo. Na aliyeumia akiwa kazini, awe dereva wa lori la miwa au kibarua aliyepakiwa kwenye tela, ana mlango mwingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Mwajiri analazimika kutoa taarifa huko. Asipotoa, mfanyakazi au ndugu zake wasiketi kimya.

Mwenye gari mwenye bima naye akumbuke: taarifa kwa kampuni yake itoke mapema, na asiahidi malipo wala kukiri kosa kwa niaba ya bima pale barabarani. Kumpa pole mtu uliyemgonga ni wajibu wa binadamu. Kumwandikia hati ya deni saa ileile ni jambo jingine.

Nimesema uokoaji wetu uko mikononi mwa mpita njia. Sidhani kama lazima ubaki hivyo, maana nchi hii tayari imeonyesha kwamba inaweza. Mfumo wa m-mama, ulioenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022, unamwezesha mjamzito au mzazi mwenye kichanga kupata usafiri wa dharura kwa kupiga 115 bila malipo. Pasipo gari la wagonjwa karibu, anatumwa dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake, aliyesajiliwa mapema na anayelipwa kwa safari hiyo. Utaratibu huohuo unaweza kumbeba aliyegongwa Sululu. Magari yapo, madereva wapo, simu zipo. Kilichokosekana ni daftari lenye majina yao na fungu la kuwalipia mafuta.

Naiomba Halmashauri ya Mji wa Ifakara, na za Mlimba, Ulanga na Malinyi, zianze na vijiwe vya bodaboda, kwa sababu vijana hao ndio wanaofika wa kwanza na ndio wanaoumia zaidi. Kila kijiwe kipate vijana wawili waliofundishwa na wauguzi namna ya kuzuia damu na kushika shingo, kiwe na sanduku lenye glovu, bendeji na gango, na kiwe na namba za wenye kirikuu watano walio tayari kuamka usiku. Viwanda na wakandarasi wanaoingiza malori barabarani wachangie. Viongozi wa vijiji vya kutoka Mkula hadi Kibaoni wanaweza kuitisha kikao hicho bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.

Na wewe msomaji, kabla hujaliweka gazeti hili chini, andika kwenye simu yako 112 ya Polisi na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Zote mbili ni bure, hata ukiwa huna salio.